Namba Kumi na Sita

Jumanne, 29 Aprili 2025

Nane! Wanja amesimama mpaka nane leo. Nimehesabu mwenyewe, kwa sauti, ndipo magoti yakalegea nikamdaka. Frankline, naye huniita babu kwa Kikuyu, akaniambia, guka, usihesabu mbio kama mtu wa mnada. Sikuhesabu mbio. Nane halali kabisa.

Mjukuu wangu ana miaka minne na hajatembea. Siku ya kuzaliwa alichelewa kulia, hewa ikachelewa kufika kichwani, na tangu hapo miguu haisikii inachoambiwa. Frankline ndiye anayeifundisha kusikia. Kila Jumanne, chumba cha mwisho cha zahanati, nyuma ya tangi la maji. Anamfunga kwenye stendi — ubao wenye mikanda ya kifuani na magotini — anamwacha nusu saa asimame kama watu wengine, kisha anamfungua tuone atajishikilia kwa muda gani. Kazi hii ina jina lake refu la hospitali, lakini hapa mtaani hatulijui. Sote tunasema tizi. Mtoto ameenda tizi, basi.

Mama Kaha alikuwepo na binti yake. Huyu mama ni jirani yangu, jina lake Ilwad, mlango wa tatu kutoka kwangu. Kaha ana miaka sita, kwake shida ni shingo. Huwa tunawasukuma watoto pamoja njiani, yeye na kiti cha magurudumu, mimi na kigari nilichochomelewa na mafundi wa Jogoo Road. Kinapiga kelele, kila mtu anajua tunapita.

Jioni nimemhadithia Shiru habari ya nane. Binti yangu hulala mapema, saa kumi alfajiri anatakiwa awe njiani kwenda soko la Muthurwa kupokea vitunguu vya kuuza. Alicheka, kisha akalia kidogo. Mama yake alikuwa hivyo hivyo.

Jumapili, 4 Mei

Ndindi alinisubiri nje ya kanisa. Huyu mama ndiye mkono wa ofisi ya wadi huku kwetu, ukimwona na bahasha ujue kuna mkutano. Jumanne kuna kikao cha bajeti ya kaunti ukumbini, wananchi watoe maoni. Anataka nishike karatasi ya majina kwa sababu ya mwandiko wangu. Mzee Kiarie, anasema, wewe unaandika kama mashine. Miaka thelathini na moja ofisi ya mizigo ya reli — nisipoandika vizuri mimi, aandike nani?

Nikamwambia Jumanne ni tizi. Akasema mulika mwizi itajadiliwa. Hapo akanipata. Mwezi uliopita Shiru alinyang'anywa simu kwenye kichochoro cha kwenda stegi ya matatu. Giza totoro, kisu shingoni. Ni yeye tu niliyebaki naye, yeye na Wanja. Tangu siku hiyo nikisikia mlango ukifungwa alfajiri sipati usingizi tena mpaka apige simu kwamba amefika. Mulika mwizi moja pale, taa kubwa juu ya mlingoti mrefu, ingemaliza mambo.

Mama Kaha amekubali kuwapeleka watoto wote wawili. Hakusita hata kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Leo ilikuwa siku yangu! Niandike yote kabla sijasahau.

Ukumbi ulijaa. Kijana wa kaunti alikuja saa tano badala ya saa tatu, koti la buluu, kitabu cha bajeti kwapani — kinene, Kiingereza kitupu, nakala moja. Sisi tukapewa karatasi mbili za muhtasari wa Kiswahili, fotokopi hafifu, watu wanne wakichungulia moja. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Pesa zinatoka serikali kuu, kaunti inapewa fungu lake, inaongeza ada na kodi inazokusanya yenyewe, kisha kila wadi inakatiwa chake. Chetu kimeshakatwa. Siling, anasema, ndicho kikomo. Ukitaka kuongeza kitu utoe kingine, maana siling ni siling. Muriuki wa kinyozi akauliza kama hiyo siling ni ya mabati au ya mbao.

Mulika mwizi haikuwa kwenye karatasi! Wanawake wakawaka moto. Mmoja akasema, "Sisi tunaporwa kila siku na huku tunaona maua yanamwagiliwa maji pale raundabauti!" Kijana akajibu kwamba maua yako kwa mfuko mwingine, hauguswi hapa. Toeni ya wadi yenu.

Basi akachukua fotokopi yetu moja, akaanza kusoma moja moja. Kumi na tatu, mitaro. Watu wakakataa. Kumi na nne, vyoo vya soko. Kelele. Kumi na tano, mabanda ya soko — hapo alikaribia kupigwa. Akafungua karatasi ya pili. Kumi na sita, viungo.

Watu wakatazamana. Viungo? Nami nikasimama. Mimi ndiye mwenye Kiswahili hapa, hata Ndindi huniuliza maneno. Nikasema, "Kijana, siku hizi kaunti inatupikia pilau? Iliki na mdalasini tutajinunulia wenyewe. Nyinyi tupeni taa tuone sufuria!"

Ukumbi ulipasuka! Kuna mama alicheka mpaka leso ikamwanguka. Hata kijana wa kaunti alicheka, akageuza karatasi huku na huku, akasema haya, wanaotaka viungo vitoke mulika mwizi iingie, mikono juu. Wangu ulikuwa wa kwanza. Muriuki alinipiga mgongoni akasema mzee umetuokoa.

Majina pia niliyatendea haki. Mia moja arobaini na matatu, mstari ulionyooka. Kumi na moja kati ya hayo, wenyewe hawakuwepo. Ndivyo tunavyofanya hapa — jirani akiwa na udhuru unamwandikia, ili mkate wake na soda visipotee, kwa kuwa vinagawiwa kwa kuita majina. Mama Kaha nilimwandikia na saini nikamwekea, mkono nikaupinda kidogo ifanane na ya mwanamke. Yeye amenishikia mjukuu, mimi nisimshikie mkate?

Shiru amecheka kwa ile ya pilau mpaka akashika mbavu. Amenifanya niirudie mara mbili, na ile sauti.

Jumatano, 7 Mei

Nimempelekea Mama Kaha mkate nusu na soda yake. Mungu akulipe, Baba Shiru, akasema. Anasema jana Wanja alifika tisa. Alihesabu yeye, kwa hiyo si mimi tu ninayehesabu mbio!

Jumanne, 10 Juni

Kumi na moja. Kumi na moja!!

Na si hilo tu. Nilikuwa nimemshika kwapani, kama kawaida, nikiogopa kama kawaida. Akageuza kichwa akaniambia, "Guka, acha." Neno lilitoka zito lakini lilitoka. Nikaacha. Akasimama peke yake katikati ya chumba, mikono imetanda, mate yanamtoka, anacheka. Mama Kaha alipiga kigelegele mpaka nesi akaja kuangalia.

Frankline anasema tukiendelea hivi bila kukosa, Krismasi anaweza kuwa anasukuma kigari cha kujifunzia kutembea. Alisema haahidi, lakini alisema. Nimeandika hapa nisije nikasema nimeota.

Jumanne, 24 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulipofika, Frankline hakumfunga Wanja kwenye stendi. Alitukalisha kwenye benchi, mimi na Mama Kaha, akatoa barua. Mkataba wake unaisha tarehe thelathini, siku mwaka wa serikali unapoisha, na mwaka mpya hauna pesa zake. Mama Kaha akamuuliza, kwani ulikosea nini? Hakukosea. Akasoma kwa sauti: Huduma za viungo hazikutengewa fedha, kufuatana na maoni ya wananchi wa wadi.

Nikauliza viungo gani.

"Viungo ndio mimi, guka," akasema. "Miguu, mikono, shingo. Hiyo ndiyo namba yangu kwa bajeti."

Mama Kaha alisimama. "Ni wananchi gani hao? Hao watu wako na watoto kweli?" Akaniangalia, anangoja nimuunge mkono. Nilikuwa nainama kufunga kamba ya kiatu cha Wanja. Kilikuwa kimefungwa tayari.

Viungo vya mwili. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo neno. Mimi nina miaka sabini na mmoja ya kuringa na Kiswahili, na nilipolisikia nikawaza pilau! Nimerudi nyuma kusoma nilichoandika tarehe sita Mei. "Leo ilikuwa siku yangu." Nilitaka kuung'oa ukurasa, kisha nikauacha ukae. Husemwa ulimi uliponza kichwa. Kichwa changu kiko salama hapa mabegani, miguu ya mtoto ndiyo imeponzwa.

Alhamisi, 26 Juni

Jana kulikuwa na maandamano, tulijifungia ndani. Leo nimekwenda ofisi ya wadi. Ndindi alinionyesha ripoti yenyewe, ile safi, si fotokopi. Chini kabisa ya karatasi ya kwanza, mstari wa mwisho, kuna neno limeandikwa kwa wino mzito: AFYA. Ndicho kichwa cha kumi na sita. Kwenye zetu mashine ilikata huo mstari. Herufi nne tu. Sisi tulitoka mabanda ya soko tukaingia viungo moja kwa moja, tukadhani bado tuko sokoni.

Nyuma ya ripoti wamebana majina yangu. Mwandiko wangu mzuri. Siku ile karatasi haikuwa na kichwa chochote, sasa imepigwa chapa juu yake: Wakazi Walioridhia Mabadiliko. Reli hatukutia wino kwenye karatasi isiyo na kichwa, hata kwa gunia moja la mahindi. Nilimfukuzisha kazi karani mwenzangu kwa kosa hilo, mwaka wa themanini na sita. Na namba thelathini na nane, Ilwad, na ile saini niliyopinda mkono.

Nilimwambia Ndindi ni makosa, hatukulielewa neno. Alisikitika, sikumwona akiigiza. Lakini ikishapita bunge la kaunti imepita, anasema, tungoje bajeti ya nyongeza, pengine Februari, na hata hiyo hawezi kuahidi. Kisha akaniuliza polepole, "Lakini mzee, si ni wewe ulisema vitoke?"

Nimerudi kwa miguu. Sikutaka kuketi karibu na mtu.

Jumanne, 1 Julai

Nilijua, lakini niliamka nikamvalisha. Yeye hajui mambo ya mwaka wa serikali. Jumanne ni Jumanne.

Chumba kimefungwa kwa kufuli jipya. Dirishani unaiona stendi, imeegemezwa ukutani, mikanda inaning'inia. Wanja akanyoosha mkono. "Guka, fungua." Nilimwomba nesi tuiazime tu, nyumbani, nitaitia sahihi. Akasema iko kwenye orodha ya mali ya serikali, haitoki bila mwenye kitengo, na mwenye kitengo alikuwa Frankline. Frankline amepata kazi Nakuru, kituo cha kulipia. Alituachia namba yake ya simu na michoro ya mazoezi ya nyumbani.

Mama Kaha pia alikuja. Hakuna aliyemwita, wala mimi hakuna aliyeniita. Tulikaa chini ya lile dirisha nusu saa nzima, kisha tukasukuma watoto tukarudi.

Jumapili, 13 Julai

Nimemwambia Shiru. Nilijipa karibu wiki tatu za kuogopa, zimetosha.

Alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia yote, neno, mkono wangu wa kwanza juu, majina. Hakupaza sauti. Ningependa apaze. Aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi. Baadaye akasema, "Na mimi nilicheka, Baba. Nilikwambia urudie."

Nikamwambia nilitaka taa kwa ajili yake. Akasema anajua. Akaenda kumlaza mtoto, na sikumwona tena jioni hiyo.

Jumanne, 5 Agosti

Sita. Nilihesabu polepole, nikahesabu tena. Sita.

Mazoezi nafanya kama yalivyochorwa, asubuhi na jioni, lakini mikono yangu si ya Frankline. Misuli inakaza upya. Usiku analia akinyooshwa. Leo hakusema "acha." Alinishikilia shingo kwa nguvu zake zote, na mimi sikumbandua.

Kule kichochoroni wamechimba shimo la mlingoti. Mlingoti wenyewe haujaja. Maji ya mvua yamejaa humo, na mtu ametupa maganda ya ndizi. Shiru bado anapita hapo alfajiri, sasa na shimo pia.

Mama Kaha alipitia kuchukua chumvi. Kaha ameanza kupaliwa na uji, kichwa hakikai. Alizunguka kuulizia hospitali za kulipia, bei zikamrudisha. Akaketi mlangoni pangu, akasema kila siku anawawaza wale wananchi. Hawatakii mabaya, anasema. Angempata mmoja wao tu, angemletea Kaha amshike siku moja, asubuhi mpaka jioni, amlishe, amgeuze. Basi.

Nilimpa chumvi. Nilimpa pakiti nzima. Akashangaa ya nini yote hiyo.

Jumatatu, 18 Agosti

Ndindi tena na bahasha. Alhamisi kuna kikao, mpango wa kaunti wa mwaka ujao. Maoni ya wananchi. Nishike majina?

Nilitaka kukataa. Kisha nikasema nitashika, kwa sharti moja: kichwa cha karatasi nitakiandika mimi, kabla ya jina la kwanza. Akakubali. Nitaomba pia nafasi ya kusema. Nitasimama pale pale niliposimama Mei nieleze neno viungo ni nini, na ni nani aliyelichekea, ili lirudishwe kwenye karatasi. Wacha wacheke, safari hii wanicheke mimi.

Lakini Mama Kaha anakuja kikaoni. Haiwezekani alisikie ukumbini, kati ya watu. Lazima nimwambie kabla. Kesho.

Jumatano, 20 Agosti

Jana sikumwambia. Alikuwa na wageni. Leo nilifika mpaka mlangoni kwake, nikasikia anamwimbia mtoto, nikarudi.

Kesho asubuhi tukiwa njiani, kabla hatujafika.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika hapa hapa ukumbini, kitabu hiki juu ya karatasi ya majina. Saa nne unusu na watu wa kaunti hawajafika. Viti vimejaa. Muriuki ameshaniuliza kama leo nina vichekesho.

Kichwa nimekiandika, herufi kubwa, nikapiga mstari mara mbili: MAHUDHURIO TU. HAYA SI MAKUBALIANO. Ndindi alikisoma, akanitazama, akaenda zake kupanga mikate.

Njiani sikumwambia. Kigari kilipiga kelele, nikajiambia ni kelele. Sasa ameketi kulia kwangu, mabega yanagusana. Kaha yuko mapajani pake, mkono mmoja umeshika kile kichwa, mwingine unafuta mdomo. Wanja yuko kwangu. Nimejaribu kumsimamisha kati ya magoti yangu tukingoja. Nne.

Amesema anataka kuzungumza leo. Amejiandaa. Atawaambia kaunti wamtajie wale wananchi kwa majina, kwa sababu karatasi lazima iko, serikali haikosi karatasi. Nikamwambia ni kweli, haikosi.

Majina yamefika ishirini na mbili. Koti la buluu limeingia mlangoni, watu wanasogeza viti. Mama Kaha anainama, anasema mikono yake yote ina mtoto, nimwandikie mimi, kama ile siku ya mkate.

Nimeandika ishirini na tatu. Nimeweka nukta. Anangoja. Anaitazama kalamu, kisha ananitazama mimi, anatabasamu. Ananiuliza, Baba Shiru, kwani umesahau jina langu?